Tulifikiri ni goli: kabla ya kununua skrini, toboa mlango wa pili

Usiku wa tarehe 7 Februari 2024, Leopards walikuwa wanacheza nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire. Wengi wenu mnakumbuka usiku ule. Kabla ya mchezo, wachezaji wetu walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kichwani kama bunduki, ili dunia ione kwamba Mashariki ya Kongo watu wanauawa na wengine wananyamaza. Mimi nilikuwa hapa Bukavu, tarafa ya Kadutu, ndani ya chumba cha chini cha nyumba ya mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Nyumba yenyewe haijaisha. Juu kuna vyumba viwili vyenye manjanja, chini kuna chumba kimoja kilichochimbwa ndani ya mlima. Matofali bila plasta, mlango mmoja, na dirisha dogo lililozibwa kwa kartoni ili mwanga usiingie. Hapo ndipo alipotengeneza sinema yake.

Tulikuwa watu zaidi ya 40. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa moja, kwa hiyo grupe ilikuwa inanguruma kwenye korido, nyuma ya mlango. Hawakuiweka nje kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, na kila mtu anajua grupe inayolala nje asubuhi haipo. Dakika ya 65, Sébastien Haller akafunga. Makelele, watu wakashika vichwa. Kijana mmoja wa miaka 13, aliyekaa chini kwenye ukuta wa nyuma, akainama polepole akalala. Tulifikiri ni goli. Mtu mmoja alisema: "Mumuache alie, hata mimi niko nalia." Tukaendelea kutazama.

Aliyemuokoa ni mama mmoja aliyekuja kumtafuta mtoto wake. Alifungua mlango, akarudi nyuma mara moja, akasema: "Ninyi, humu ndani munapumua nini?" Sisi tuliokuwa ndani hatukusikia kitu. Yeye aliyetoka kwenye hewa ya mvua ndiye aliyeona. Tulimbeba yule kijana nje, akatapika, tukamkimbiza kituo cha afya. Anaishi, Mungu asifiwe. Lakini niliposimama ili nisaidie kumbeba, miguu yangu mwenyewe ilikataa. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu kipindi cha kwanza, nami nilikuwa nadhani kinaumwa juu ya Leopards.

Ninaandika maneno haya kwa hasira, na hasira ya kwanza ni juu yangu. Wiki mbili kabla ya usiku ule nilipita kwenye redio nikisifu sinema hizi zinazotengenezwa chini ya nyumba. Nilisema vijana wetu wanajitafutia, hawangoji serikali. Mdogo wangu aliponiambia, "Mukubwa, kuya uone vile nimepanga," nilienda, tukakaa jioni nzima na kalamu na daftari. Tulipanga upana wa picha. Tulipanga spika ikae wapi. Tulijadili kama anunue projekta ya mtumba au televisheni kubwa. Hatukutumia hata dakika moja kuzungumza juu ya mlango. Mimi ninayejiita muandishi wa habari sikuuliza: hawa watu wakitaka kutoka, watatokea wapi?

Sasa, kila tunapozungumza jambo hili mtaani, watu wanagawanyika pande mbili, na pande zote mbili zinanichosha.

Upande wa kwanza wanasema: fungeni zote. Wanasema sine ni mahali pa wahuni, watoto wanakimbia mashule, filme ni za vita na uchafu. Ndugu zangu, kijana wa Kadutu aende wapi? Uwanja wa kuchezea umejengwa nyumba. Kwao, watu saba wanalala chumba kimoja. Ukifunga sine iliyo kando ya barabara, kesho itafunguliwa ndani zaidi, pale ambapo hakuna macho, na mlango wake utakuwa mdogo kuliko wa leo. Halafu kutazama mpira au filme pamoja si dhambi. Mimi mwenyewe mnamo Desemba 2010 nilitazama TP Mazembe wakicheza fainali ya Kombe la Dunia la vilabu na Inter ya Milano, na hata kama tulifungwa 3-0, nilirudi nyumbani nimeinua kichwa. Singependa mtoto yeyote wa Kongo anyimwe siku kama ile.

Upande wa pili wanasema: waache vijana watafute maisha, ninyi wa redio munapenda tu kusumbua. Kwa hawa ninajibu kwamba anayetafuta maisha hana ruhusa ya kucheza na maisha ya watoto wa wengine. Na wale wanaosema "Mungu atatulinda", mimi pia ninasali. Lakini Mungu alitupa akili ya kujua kwamba moshi unahitaji mahali pa kutokea.

Kuna pia jibu la tatu, ambalo mdogo wangu alinipa siku iliyofuata: "Lakini mukubwa, hii si sine. Ni sinema ya nyumba yangu, nilipanga watu watano, mimi, bibi na watoto." Hapo ndipo kosa linapoanzia. Kwetu sinema ya watu watano haiko. Siku ya kawaida, ndiyo, mutakuwa watano. Siku Leopards wanacheza, jirani atapiga hodi, na hodi ya jirani huwezi kuifungia mlango. Atakuja na mtoto wake, mtoto atakuja na rafiki zake, shemeji atatoka Bagira na wenzake watatu. Mwaka unaofuata utaanza kuomba franka 500 kwa kila kichwa ili ulipe mafuta ya grupe, na hapo umeshakuwa na sine bila kukusudia. Kwa hiyo, wewe uliye na chumba cha chini kisichokwisha na unaota kutengeneza sinema, panga tangu leo kwa watu 40. Ukipanga kwa watano, utaua wale 35.

Ninasema kuua, na siongezi chumvi. Sisi wa Kivu ya Kusini hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, kwenye barabara ya Uvira, lori la mafuta lilianguka, likalipuka. Watu zaidi ya 230 walikufa. Wengine walikuwa wamekwenda kuchota mafuta yaliyomwagika. Wengine hawakuchota hata tone moja: walikuwa wamejaa ndani wakitazama Kombe la Dunia lililokuwa Afrika Kusini, na moto uliwakuta humo. Lori halikuwa kosa la mwenye sine. Lakini tulipowazika watu wa Sange, tulipaswa kujifunza kwamba chumba kinachojaza watu gizani kinapaswa kuwa na njia ya kutoka. Hatukujifunza. Miaka mingi imepita, na mimi mwenyewe nilikaa kwenye chumba cha mlango mmoja, na grupe mlangoni.

Basi nitasema mambo kwa mpangilio unaofaa, kwani watu wengi wanaanza na skrini na kumalizia na mlango, kama pesa imebaki. Mnapaswa kugeuza.

Kwanza ni mlima wenyewe. Nyumba zetu nyingi za Bukavu zimekaa kwenye mteremko, na ule ukuta wa nyuma wa chumba cha chini unashikilia udongo. Mtu akitaka chumba kiwe kirefu zaidi anaanza kuchimba sakafu ishuke, kumbe anachimba chini ya msingi wake mwenyewe. Mnajua vizuri yanayotokea mtaani kwetu mvua ikinyesha usiku mzima. Usichimbe. Kama kichwa kinagusa dari, chumba hicho kiwe cha kuweka makala na vyombo, sinema tafuta mahali pengine.

Kisha, maji. Ukuta unaoshikilia udongo unatoka jasho. Chukua kipande cha plastiki, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta maji upande unaogusa ukuta, maji yanatoka mlimani, na usiweke chochote cha umeme hapo mpaka fundi atengeneze mfereji wa kuyaondoa. Ukikuta maji upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa, na chumba kinaomba dirisha. Fanya hivi wakati wa mvua. Anayepima mwezi wa saba, kiangazi, anajidanganya.

Pili, milango. Iwe miwili, isiwe upande mmoja, na yote ifunguke kwa nje. Mlango unaofunguka kwa ndani, watu 40 wakiusukuma, wanaufunga wenyewe. Kwenye nyumba ya mteremko kuna bahati moja: ukuta mmoja unatazama bonde, hauna udongo nyuma yake. Hapo ndipo pa kutoboa mlango wa pili. Lakini ukuta huo umebeba nyumba ya juu, kwa hiyo si kazi ya nyundo ya Jumapili. Muite fundi anayejua, aweke boriti ya beto yenye vyuma juu ya mlango kabla ya kubomoa chini yake.

Baada ya ile ajali tulifanya jaribio. Tuliita vijana 40, tukawajaza ndani, taa ikawaka, nikashika saa ya simu, nikasema "tokeni." Kwa mlango mmoja, wakicheka, bila moshi na bila woga, ilikuwa sekunde 80. Baada ya mlango wa pili, hazikufika 35. Fanyeni jaribio hilo kwenu. Halina gharama yoyote.

Tatu, grupe. Moshi wa grupe una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo wataalamu wanaiita monoksidi ya kaboni. Harufu unayosikia ni ya mafuta. Ile inayoua haisikiki. Inaingia kwenye damu na kuishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi, hivyo unaweza kuwa unapumua vizuri kabisa na mwili hupati kitu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, usingizi. Kila mtu atasema ni uchovu. Yule kijana alilala kwa sababu hiyo. Na msiseme "tutafungua mlango kidogo." Grupe ikae nje kabisa, hatua kumi au zaidi kutoka kwenye mlango au dirisha, chini ya kibanda cha manjanja kilicho wazi pande zote, ifungwe kwa mnyororo kwenye nguzo ya beto. Mnyororo ni bei ndogo kuliko jeneza. Mbabula ni vilevile: msiiingize ndani eti watu wanasikia baridi.

Na mnajua nini? Kwa chumba cha nyumba, hata grupe si lazima. Nilikaa na fundi wa umeme wa jua tukahesabu. Televisheni ya kisasa ya ukubwa wa kati inakula wati 80 hivi. Spika tuseme wati 50, taa mbili wati 20. Jumla 150. Mpira pamoja na maneno ya kabla na baada ni saa tatu: wati-saa 450. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, na ukitumia nusu tu ili isife mapema, ni 600. Hata ukitoa kile kinachopotea kwenye kifaa cha kugeuza umeme, mchezo unaisha na betri bado. Projekta ni nyingine: zile za mtumba zinakula wati 250 au 300, na ndizo zinazowalazimisha watu kuwasha grupe. Kwa hiyo tamaa ya picha kubwa ndiyo inayoleta sumu ndani. Hesabu hiyo hatukuifanya kwenye daftari letu.

Nne, kuta na sauti. Mtu anataka majirani wasilalamike, anakwenda sokoni kununua sponji ya matela, anabandika ukuta mzima na dari. Wengine wanabandika trei za mayai. Mnapoteza pesa. Sponji inapunguza mwangwi ndani ya chumba, lakini haizuii besi kwenda kwa jirani. Besi inapita kwenye ukuta wenyewe. Inayozuia ni uzito: ukuta uliojazwa vizuri na kupigwa plasta, mlango mzito unaofunga sawasawa, na spika isiyokaa moja kwa moja sakafuni. Na kinachozuia zaidi ni mkono wako kupunguza sauti saa tatu ya usiku.

Halafu sponji inawaka. Inawaka haraka kuliko miguu ya mtu, na moshi wake ni sumu. Tarehe 27 Januari 2013, katika mji wa Santa Maria, Brazil, wanamuziki waliwasha fataki ndani ya ukumbi wa dansi unaoitwa Kiss. Dari ilikuwa na sponji ya kupunguza sauti. Walikufa watu 242, wengi wao wanafunzi wa chuo, na wengi hawakuguswa na moto: waliuawa na moshi, wakisukumana kuelekea mlango wa mbele. Brazil ni nchi yenye wazimamoto na hospitali kubwa. Sisi gari la zimamoto litapita wapi kwenye vichochoro vya Kadutu?

Tano, nyaya. Usiunge spika, televisheni, friji ya kuuza maji na chaji za simu 20 kwenye waya mmoja mwembamba wa taa. Waya ukiwa wa moto ukiugusa, tayari unaongea. Weka kile kifaa kinachokata umeme chenyewe pale unapozidi, na usikifunge kwa kipande cha waya siku kinapokusumbua. Kinakusumbua kwa sababu kinafanya kazi.

Baada ya hayo ndipo tunafika kwenye skrini. Na hapa nina habari nzuri: skrini ndiyo kitu rahisi kuliko vyote. Ukuta uliopigwa plasta laini na rangi nyeupe isiyong'aa unatosha kwa projekta. Chumba cha chini kina giza lake, hiyo ndiyo faida yake. Acha nafasi ya mtu kupita pande zote mbili za viti, na usiweke kiti hata kimoja mbele ya mlango, hata akija shefu wa avenyu.

Najua mtanijibu pesa. Mlango wa pili, boriti, mfereji, mnyororo, yote hayo ni dola. Mdogo wangu pia alinijibu hivyo. Nikamuuliza projekta alinunua kwa bei gani, akanyamaza. Alikuwa na pesa ya projekta, ya spika mbili, ya taa za rangi zinazozunguka. Pesa ya mlango ndiyo iliyokosekana. Tulikuwa nayo, tuliipeleka pengine, na mimi niliyeshika kalamu nilimsaidia kuipeleka.

Kuna wengine pia wa kuulizwa. Kila mwenye sine mtaani anajua mtu anayepita na karatasi ya kodi. Anasimama mlangoni, anahesabu viti kwa macho, anapokea, anaenda. Huyo mtu ameona grupe kwenye korido kuliko sisi sote, kwani anapita kila mwezi. Hajawahi kuuliza mlango wa pili uko wapi. Kama serikali inajua kuhesabu viti kwa ajili ya kodi, ijue pia kuhesabu milango. Hatuombi ofisi mpya wala tume. Tunaomba mtu yule yule, siku ile ile, aulize maswali matatu: grupe iko wapi, milango ni mingapi, sponji iko ukutani? Jibu likiwa baya, asipokee pesa na watu wasiingie mpaka irekebishwe.

Nanyi wazazi, msiulize tu filme gani itaonyeshwa. Shukeni ngazi, ingieni, tazameni. Kama mtoto anarudi kutoka sine na kichwa kinamuuma kila mara, si filme iliyomchosha.

Mdogo wangu aliuza projekta. Kwa pesa hiyo alitoboa mlango wa pili upande wa bonde, akanunua betri kwa deni ambalo bado analipa. Sasa picha ni ndogo, na wanaokaa nyuma wanalalamika. Yule kijana bado anakuja siku za mpira. Hakai tena kwenye ukuta wa nyuma. Anachukua kiti chake, anakiweka karibu na ule mlango mpya, na mara kwa mara anausukuma kidogo kwa mguu, aone kama unafunguka.